Umeweka nini ndani ya simu ya mteja?

Mhadhara kwa mafundi simu na wanafunzi, Mwanza

Ndugu zangu mafundi, wadogo zangu wanafunzi, na wewe mama uliyekaa mbele umeishika simu yako kwa mikono miwili, asanteni kwa kuja.

Nimeitwa nizungumze juu ya kujenga romu ya simu ya zamani, yaani mfumo mzima unaoiendesha, kutoka kwenye msimbo wake, yale maandishi ambayo programu hujengwa kwayo. Nitazungumza. Lakini walionisikia siku za nyuma wanajua kuna jambo silipiti, na leo pia sitalipita: fundi unapomkabidhi mteja simu, uwe unajua umeweka nini ndani yake. Ukiniambia "imewaka", hujanijibu. Sijauliza kama imewaka. Nimeuliza umeweka nini.

Tunajua kazi inavyokwenda pale Makoroboi. Inaletwa Samsung ya mwaka 2015, imekwama kwenye logo. Fundi anaingia Telegram, anatafuta modeli, anakuta faili lenye sifa kemkem: jepesi, linatunza chaji, Android mpya. Anashusha, anaflashi, yaani analiweka ndani ya simu badala ya mfumo wa zamani, simu inawaka, mteja anashukuru, hela inaingia mfukoni. Nani kalijenga faili hilo? "Jamaa mmoja." Jamaa gani, yuko nchi gani, kalisaini kwa ufunguo upi? Kimya. Hapo ndipo ninapopandisha sauti, mnivumilie.

Kila romu ya Android inasainiwa, yaani inapigwa muhuri wa kidijitali kwa ufunguo wa siri. Programu za ndani ya mfumo, inayopiga simu, inayosoma SMS, Mipangilio yenyewe, zote zina saini. Mfumo ukikutana na programu nyingine yenye saini ile ile ya mfumo, unaihesabu ni ya nyumbani, unaipa ruhusa ambazo programu ya kawaida haizipati hata mwenye simu akibonyeza "ruhusu" kutwa nzima. Inaweza kupiga picha ya kilichopo kwenye kioo. Inaweza kubonyeza kwa niaba yako. Inaweza kusakinisha programu nyingine bila kukuuliza. Sasa basi, Google wanapotoa msimbo wa Android hadharani, wanautoa pamoja na funguo za majaribio, ili anayejifunza ajenge bila kuhangaika. Ziko mle mle, kwenye folda ya build/target/product/security, ufunguo wa wazi wa kukagua saini na ufunguo wa siri wa kuitia, zote mbili, kwa dunia nzima. Anayejenga romu bila kutengeneza funguo zake, romu yake inatoka imesainiwa kwa hizo. Ni kufuli ambalo kila mtu mjini ana ufunguo wake.

Kupima romu imesainiwa kwa funguo zipi hakuhitaji boksi wala dongo, vile vifaa maalumu vya mafundi. Unganisha simu na kompyuta, fungua adb, programu ya kuipa simu amri kutoka kwenye kompyuta, andika adb shell getprop ro.build.tags. Ikijibu test-keys, yaani funguo za majaribio, simama hapo hapo. Ikijibu release-keys, yaani funguo rasmi za aliyeijenga, usishangilie sana, maana neno hilo mtu anaweza kulibandika tu. Lakini test-keys haina mjadala.

Najua kuna mtu anasema moyoni: fundi, huyo jamaa namfahamu, romu zake nzuri, sijawahi kupata malalamiko. Simsemi yeye! Anaweza kuwa mwaminifu kuliko sisi wote tuliomo humu. Mwizi si lazima awe yeye. Mwizi ni yeyote atakayetengeneza programu ya kutazama mpira bure, akaisaini kwa ufunguo ule wa majaribio, akaisambaza kwenye magrupu. Kwenye simu ya kawaida itakuwa programu tu kama nyingine. Kwenye simu uliyoiflashi wewe, inaingia na mamlaka ya mfumo. Na wateja wetu mnawajua wanatunza nini kwenye simu. Mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba, mauzo yake yamo humo. Ada ya mtoto imo humo. Hakukupa simu, amekupa sanduku lake la fedha, akakuamini ukae nalo mpaka jioni.

Mwingine ananiambia: basi tuachane na simu kuukuu, watu wanunue mpya. Haya. Nenda wewe ukamwambie hivyo mtu ambaye simu yake ina kioo kizima, spika nzima na laini mbili zinashika mpaka Ukerewe. Simu nyingi tunazozitupa chuma chake ni kizima. Kilichokufa ni programu, tena kwa sababu mtengenezaji alichoka kuihudumia.

Tazameni hii hapa mezani. J5 ya mwaka 2015, chipu ya Snapdragon 410, RAM giga moja na nusu, betri unaitoa kwa kucha. Mtengenezaji aliifikisha Android 6 akaishia hapo. Mwenyewe ni mama anayeuza dagaa Mwaloni. Alikuja na malalamiko kwamba intaneti imekataa: bando lipo, ujumbe unakwenda, lakini akifungua tovuti anaambiwa muunganisho si salama. Alikuwa ameshabadilishiwa laini, ameshafutiwa simu yote, na kila mara amelipa.

Ugonjwa ni vyeti. Tovuti inajitambulisha kwa cheti, na simu inabeba orodha ya wanaoaminika kutoa vyeti hivyo. Orodha ya Android 6 haina cheti mzizi, cheti mama kinachothibitisha vingine, kinachoitwa ISRG Root X1, cha Let's Encrypt, wanaotoa vyeti bure kwa mamilioni ya tovuti. Cheti hicho kilianza kuwamo Android 7.1.1. Simu za nyuma zilibebwa kwa saini ya kuazima kutoka kwa mtoa vyeti mwingine ambaye tayari zilimwamini, na Septemba 2024 muda wa saini hiyo ukaisha. "Si umwekee Firefox?" Ndiyo, Firefox inabeba orodha yake yenyewe, tovuti zitafunguka. Hata cheti chenyewe unaweza kukipakia kwa mkono, hilo nalikubali. Lakini matundu ya usalama yaliyogunduliwa baada ya toleo lile yanazibwa na nani? Android 7.1 nayo si mpya, Google walishaiacha. Tofauti ni kwamba ukiwa na msimbo mkononi, kiraka kikitolewa unakiingiza mwenyewe, unajenga upya. Ukiwa na faili la jamaa, unamsubiri jamaa.

Sasa kujenga. Historia ya CyanogenMod mnaijua, romu iliyojengwa na jumuiya kutoka kwenye msimbo wa Android, ilivyofungwa Desemba 2016 na LineageOS ikaendeleza, siirudii. Tulichukua LineageOS 14.1, ambayo ni Android 7.1.2. Juu yake unahitaji vitu vya simu yako hasa: kerneli, kile kiini cha mfumo kinachoongea na chuma cha simu; maelezo ya kifaa yanayoiambia romu simu ina nini; na draiva za mtengenezaji zilizofungwa, yaani programu za kuendesha kamera na vifaa vingine, ambazo unazinakili kutoka kwenye simu yenyewe. Kerneli ni Linux, na Linux iko chini ya leseni ya GPL toleo la 2: anayeuza simu yenye kerneli hiyo anawajibika kutoa msimbo wake. Samsung wanautoa, ndiyo maana nimechagua Samsung. Kuna simu za bei nafuu zimejaa mjini hapa ambazo msimbo wa kerneli yake hutauona popote. Angalia hilo kabla hujaanza.

Romu yetu ilipowaka mara ya kwanza, laini ilisoma, sauti ilitoka, WiFi ilishika. Kamera ikagoma. Vijana ninaofanya nao kazi wakataka tumkabidhi mama hivyo hivyo: "kamera si muhimu." Si muhimu kwa nani? Yule mama anauza kwa picha. Anamwaga dagaa kwenye turubai, anapiga picha, anamtumia mnunuzi wa Kongo, wanaelewana bei kabla gunia halijashonwa mdomo. Ukimpa simu isiyo na kamera umemfungia genge.

Mwingine akasema, ngoja nijaribu kamera ya romu nyingine. Hii tabia ndiyo inayotudumaza, ndugu zangu! Kujaribu, kujaribu, kujaribu, kama anayecheza bahati nasibu. Simu inakuambia inaumwa nini. Isikilize. Andika adb logcat, amri inayoonyesha yanayotokea ndani ya simu, fungua programu ya kamera, acha mistari ishuke, kisha tafuta maneno dlopen failed, yaani kipande cha programu kimeshindwa kupakiwa. Tukayakuta. Mbele yake imeandikwa cannot locate symbol, yaani jina linaloitwa halionekani, halafu jina refu la kutisha: _ZN7android13GraphicBufferC1Ejjij.

Watu wakiona jina hilo wanafunga kompyuta. Usifunge. Lisome polepole kama unavyosoma namba ya LUKU. Kuna neno android. Kuna GraphicBuffer, sehemu inayotenga kumbukumbu ya kuwekea picha. C1 maana yake ni kuiunda mpya. Halafu zile herufi nne za mwisho, j, j, i, j, ni aina za vitu inavyodai ipewe: j ni namba kamili isiyoshuka chini ya sifuri, i ni namba kamili ya kawaida. Upana, kimo, mpangilio wa rangi, matumizi. Vitu vinne. Draiva ya kamera ilitengenezwa zama za Android 6, na zama hizo vilidaiwa vinne. Kwenye Android 7 Google wakaongeza cha tano, jina la anayeomba. Kikiongezwa kitu, na lile jina refu linabadilika. Kwa hiyo draiva inaita kwa jina la zamani, na ndani ya mfumo mpya hakuna anayeitika. Hiyo ndiyo "kamera imeharibika" yenu. Hakuna kilichoharibika.

Draiva imefungwa, msimbo wake hatuna, hatuwezi kuibadilisha. Tukaandika maktaba ndogo, kipande cha programu kinachotumiwa na programu nyingine, inayokaa katikati, wenyewe wanaiita shimu. Inaitika jina la zamani, inapokea vinne, inaongeza cha tano yenyewe, inapeleka kwa jina jipya. Haifiki mistari ishirini. Tukajenga, tukaflashi, kamera ikafunguka. Kijana aliyeandika mistari ile hakuwa amemaliza hata mwaka wa kwanza chuo, na tangu siku hiyo hajaniambia tena "ngoja nijaribu".

Naonyeshwa saa. Nitakimbia sasa, andikeni.

IMEI, namba ya utambulisho ya kila simu. Kabla hujagusa chochote nakili sehemu ya efs, na kwenye simu zenye chipu ya Qualcomm kama hii nakili pia modemst1, modemst2 na fsg. Humo ndimo utambulisho wa simu na mipangilio ya redio ilimo. Mnakumbuka Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, walipozima simu zenye IMEI bandia. Ukipoteza IMEI ya mteja, hutakiwi kuandika nyingine ya kubuni, hilo ni kosa la jinai. Mrudishie iliyo yake, na ili umrudishie lazima uwe umeinakili. Nakala ikae nje ya simu.

Kompyuta. Msimbo ni makumi ya gigabaiti. Ukishusha bila historia yake, kwa depth ya 1, unapungua sana. Shusheni kwa bando la usiku. Ukijenga toleo hili la zamani kwenye Ubuntu ya kisasa itagoma kwenye flex, moja ya programu za kujengea, mpaka uandike export LC_ALL=C. Halafu Jack, programu inayogeuza msimbo wa Java kuwa wa Android, itakataa kuwaka kwa sababu Java 8 za karibuni zimezima TLSv1 na TLSv1.1, njia za zamani za kulinda mawasiliano; yaondoeni majina hayo kwenye orodha ya zilizozimwa ndani ya java.security. RAM ikiwa ndogo, iongezeeni Jack nafasi na muwashe swapu, sehemu ya diski inayosaidia RAM. Washeni ccache, inayotunza vipande vilivyokwisha kujengwa, ili umeme ukikatika katikati msianze upya kila kitu.

SELinux, mlinzi wa mfumo anayezuia programu kuvuka mipaka yake. Wapo wanaoizima ili logi, yale maandishi ya yanayotokea ndani ya simu, ipunguze makelele. Msiizime. Andikeni sheria inayokosekana.

Programu za benki: baadhi zitakataa kufanya kazi kwenye romu isiyo ya mtengenezaji. Mwambie mteja kabla ya kazi, asije kugundua akiwa kwenye foleni ya kivuko cha Kamanga. *150*00# ya M-Pesa itaendelea kama kawaida.

Na funguo. Tengenezeni zenu kwa amri ya make_key: releasekey, platform, shared na media. Ziwekeni kwenye flashi mbili, kila moja mahali pake, na zisipandishwe mtandaoni kamwe. Zikipotea, romu mpya mtakayoijenga kwa kawaida haitakaa juu ya ile ya zamani bila kufuta data ya mteja.

Nilikuwa na la kusema juu ya Treble, mpango wa Google wa kutenganisha Android na draiva za mtengenezaji, lina mambo mengi, tuliache kwa siku nyingine. J5 ni hii, na mwenyewe ametupa ruhusa tujifunzie. Mwenye kebo asogee. Tunaanza na efs, na hakuna atakayeflashi kabla sijaiona nakala kwenye kompyuta, nikausoma ukubwa wake kwa macho yangu.