Kipindi: Kwenda Mahakama ya Madai Madogo Bila Wakili

HALIMA: Leo tunaingia moja kwa moja. Kazi umefanya, mzigo umepeleka, pesa hujalipwa, na sasa simu zako hazipokelewi. Unafikiria Mahakama ya Madai Madogo hapa Kenya, na wakili huna. Mutua, kabla ya fomu na ada, mtu aanzie wapi?

MUTUA: Kwenye jina, dada Halima. Namdai nani? Kesi nyingi za watu wasio na mawakili huharibikia hapo, muda mrefu kabla hawajasimama mbele ya mwamuzi. Tuchukue mfano. Seremala ametengeneza meza na viti vya mkahawa kwa Sh240,000. Amelipwa Sh100,000 za kuanzia, anadai Sh140,000. Aliyemwagiza ni mtu mmoja kwa simu. Bango la mkahawa lina jina jingine. Na zile pesa za kwanza zilitoka kwenye namba ya mtu wa tatu. Mdaiwa ni nani?

HALIMA: Wengi wataandika jina la bango.

MUTUA: Na bango halishtakiwi. Nyuma yake mara nyingi kuna moja kati ya mambo mawili. Huenda ni kampuni yenye dhima ya kikomo, yaani "Limited", ambayo kisheria ni mtu kamili, hivyo unaishtaki yenyewe kwa jina lake lote kama lilivyosajiliwa. Au ni jina la biashara tu, na hapo anayeshtakiwa ni mwenyewe: "Fulani bin Fulani, anayefanya biashara kwa jina la mkahawa huu." Ukweli huo unaupata kwa kufanya upekuzi katika Huduma ya Usajili wa Biashara kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Kama ni kampuni, unaomba CR12, hati inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa.

HALIMA: Na ukishaona majina ya wakurugenzi, usikimbilie kuwashtaki wao.

MUTUA: Hasa. Deni la kampuni ni la kampuni. Mkurugenzi haingii mfukoni mwake kwa sababu tu ndiye aliyekuwa akikupigia simu. Tofauti inakuja kama alijifunga binafsi, tuseme aliandika kwamba kampuni isipolipa atalipa yeye. Kama kisa ni gari lililokugongea ukuta wa duka, fanya upekuzi wa gari NTSA, mamlaka ya uchukuzi na usalama barabarani, ili umpate mwenye gari, kisha uwataje wote wawili, dereva na mwenye gari.

HALIMA: Sasa mipaka ya mahakama yenyewe. Sheria ni ya mwaka 2016, lakini mahakama ya kwanza ilifunguliwa Milimani, Nairobi, Aprili 2021. Kiwango cha juu cha dai awali kilikuwa Sh200,000, kikapandishwa mwaka 2020 hadi Sh1,000,000. Mtu anayedai Sh1,300,000 afanye nini?

MUTUA: Achague. Aende kwa hakimu katika mahakama ya kawaida, au asamehe kile kinachozidi milioni na aseme hivyo wazi kwenye dai. Kuligawa deni moja vipande viwili ili vyote vipite chini ya milioni hakukubaliki.

HALIMA: Aina za madai?

MUTUA: Mikataba ya bidhaa na huduma, pesa ambazo mtu anazishikilia na ni zako, uharibifu wa mali, kurudishiwa mali inayohamishika, na fidia ya majeraha ya mwili. Kinachokataliwa ni kashfa, madai ya kushtakiwa kwa hila, mzozo wa umiliki au ukaaji wa ardhi, na mambo ya ajira. Kwenye ajira ndipo watu wanapoteleza zaidi. Fundi aliyepewa kazi ya kupaka rangi nyumba kwa bei ya jumla ana mkataba wa huduma, na anaweza kuja hapa. Aliyeajiriwa akipaka rangi kila siku chini ya msimamizi, kwa mshahara wa mwezi, dai lake ni la ajira. Usiite mshahara "malipo ya huduma" ili upite mlangoni. Mdaiwa ataleta karatasi za mishahara, na dai litaondolewa wakati ada umeshalipa.

HALIMA: Na muda usikupite. Mkataba, miaka 6. Madhara kama ajali au uharibifu wa mali, miaka 3.

MUTUA: Kisha uende eneo sahihi. Fungua kesi pale jambo lilipotokea, au pale mdaiwa anapoishi au kufanyia biashara.

HALIMA: Barua ya kudai sasa. Wako wanaoiona kama kumtahadharisha adui.

MUTUA: Iandikwe. Ukiiruka, mdaiwa anaweza kulipa siku anayopata hati zako kisha akaiambia mahakama kwamba hajawahi kuombwa, na gharama zako zikabaki kwako. Ukurasa mmoja watosha: tulikubaliana nini na lini, nilifanya nini, kiasi gani kimelipwa, kiasi gani kimebaki, lipa ndani ya siku 7 kwa njia hii. Hakuna matusi, hakuna vitisho vya polisi. Deni si jinai, na barua hiyo itasomwa na mwamuzi. Itume kwa njia inayoacha alama: barua pepe, WhatsApp, au kwa mkono na mpokeaji atie sahihi kwenye nakala yako.

HALIMA: Tukae kidogo kwenye ushahidi. Sheria inasema mahakama hii haifungwi kabisa na kanuni kali za ushahidi, na watu wanaielewa kama ruhusa ya kuja na simu mkononi.

MUTUA: Kulegeza kanuni hakumaanishi kwamba neno lako litoshe. Bado ni juu yako kuthibitisha kwa mizani ya uwezekano: yaani hadithi yako iwe na uzito kuliko yake. Kwa seremala wetu kuna vitu vitatu: kwamba kulikuwa na makubaliano, kwamba samani zilifika, na kwamba pesa hazikuisha kulipwa. Kila kimoja kiwe na karatasi yake. Watu huja wamejaza karatasi za malipo, na hakuna hata moja ya mzigo kupokelewa.

HALIMA: M-Pesa?

MUTUA: Chukua taarifa rasmi ya M-Pesa ya kipindi chote cha muamala. Picha ya meseji moja haitoshi. Taarifa inaonyesha tarehe, kiasi, na nani alituma. Huja kama PDF iliyofungwa kwa namba ya siri. Ifungue na uitoe nakala isiyo na kufuli kabla ya kuipakia kwenye mfumo wa mahakama. Ukipakia iliyofungwa, hakuna atakayeisoma.

HALIMA: WhatsApp ndiyo inayosumbua.

MUTUA: Kwa sababu tatu. Ya kwanza, jina ulilohifadhi. Ukimhifadhi kama "Boss Mkahawa", kila ukurasa utasema Boss Mkahawa, na mdaiwa atauliza huyo ni nani. Piga picha ya sehemu ya maelezo ya mwasiliani ambapo namba inaonekana, uiweke mbele ya mazungumzo. Ya pili, tarehe. WhatsApp huandika "Leo" au "Jana" kwa mazungumzo ya karibuni, kwa hivyo hakikisha siku kamili inasomeka. Ya tatu, kukata. Ukileta meseji tano kati ya arobaini, mwenzako ataleta zile thelathini na tano, na katikati yake kuna ile uliyosema "sawa, nitakupunguzia". Leta mtiririko wote wa jambo hilo.

HALIMA: Na hati ya kifungu cha 106B.

MUTUA: Ya Sheria ya Ushahidi. Ni hati fupi unayotia sahihi ukieleza kumbukumbu hiyo ya kielektroniki ilitoka kwenye kifaa gani, kifaa kilikuwa kikitumiwa na nani, kilikuwa kikifanya kazi vizuri, na karatasi zilichapwaje. Hata mahakama yenye kanuni nyepesi, iweke. Inamnyang'anya mdaiwa pingamizi lililo rahisi kuliko yote. Ujumbe wa sauti uandike neno kwa neno, na faili lenyewe ulihifadhi lilivyo.

HALIMA: Mpangilio?

MUTUA: PDF moja, kurasa zimepewa namba, orodha mbele. Kwenye maelezo yako uandike "ukurasa wa 6", usiandike "kama inavyoonekana kwenye ushahidi". Mwamuzi ana kesi nyingi siku hiyo; mfikishe kwenye karatasi kwa sekunde mbili.

HALIMA: Kiasi cha dai. Kuna mazoea ya kuongeza Sh50,000 za "usumbufu".

MUTUA: Zinaumiza dai zima, kwa sababu mwamuzi akiona tarakimu moja haina msingi ataanza kuzitilia shaka na zile zenye msingi. Andika hesabu kwenye dai lenyewe: bei Sh240,000, toa Sh100,000, baki Sh140,000. Riba na gharama za kesi ziombe kando, kila moja kwa jina lake. Usipoziomba, usitarajie kupewa.

HALIMA: Kufungua ni mtandaoni, efiling.court.go.ke, na malipo yanaenda kupitia mfumo huo huo. Ukikwama, masjala ina makarani wa kukuelekeza jinsi ya kupakia.

MUTUA: Kukuelekeza, ndiyo. Kukuambia uandike nini, hapana. Baada ya kufungua, hati zimfikie mdaiwa, na uthibitishe hilo kwa hati ya kiapo iliyoapwa mbele ya kamishna wa viapo: nani alipeleka, wapi, saa ngapi, alimtambuaje aliyepokea. Kama ilitumwa kwa simu au barua pepe, ambatisha picha inayoonyesha imefika, pamoja na sababu ya kuamini namba hiyo ni yake. Mdaiwa ana siku 15 za kujibu. Akinyamaza unaweza kuomba hukumu, lakini kiapo chako kikiwa na tundu, atarudi baadaye kuomba hukumu ifutwe, na huenda akafaulu.

HALIMA: Kwa anayedaiwa anayetusikiliza, tuseme neno.

MUTUA: Usikae kimya. Kama unakubali Sh90,000 na unabisha Sh50,000 kwa sababu viti sita vilivunjika wiki ya kwanza, sema hivyo, na weka picha. Kama mdai ndiye aliyekutia hasara, weka dai kinzani kwenye jibu hilo hilo.

HALIMA: Siku ya kusikilizwa. Sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa, na hukumu itolewe siku hiyo hiyo au ndani ya siku 3 baada ya kusikilizwa.

MUTUA: Siku 60 zinamsaidia aliyejitayarisha na kumwadhibu asiyejitayarisha. Kuahirisha ni kwa dharura isiyotarajiwa. "Shahidi wangu yuko safarini" si dharura kama tarehe uliijua. Tazama orodha ya kesi jioni ya kabla. Ikiwa ni kwa kiungo cha mtandaoni, ingia mapema ukiwa na jina lako halisi kwenye skrini. Mdai anayeonekana kwa jina la simu yake, "Galaxy A12", huitwa jina lake, akakosa kujulikana, na kesi ikapita.

HALIMA: Na kama mdai hawezi kufika kabisa?

MUTUA: Anaweza kutuma mwakilishi, lakini mwamuzi lazima aridhike kwamba mtu huyo anaijua kesi na ana mamlaka ya kukubali kwa niaba yake. Mtoto wa shangazi aliyepewa faili asubuhi ataulizwa swali la pili na kunyamaza.

HALIMA: Wakati wa kumhoji mdaiwa, wengi hutoa hotuba.

MUTUA: Maswali mafupi, yanayojibiwa ndiyo au hapana, na ambayo karatasi yake unayo mkononi. "Hii namba ni yako?" "Hapa ukurasa wa 9 uliandika viti vimefika?" Ukishapata ndiyo, kaa chini. Usimuulize "kwa nini hukulipa?", maana unampa nafasi ya kujieleza dakika kumi.

HALIMA: Kuna kifungu cha 30 kinachoruhusu kesi iamuliwe kwa hati pekee, pande zote zikikubali.

MUTUA: Kikubali kama karatasi zako zinasema kila kitu. Kama sehemu ya makubaliano ilikuwa ya mdomo, kikatae. Unahitaji mwamuzi akusikie, na amsikie mwenzako akiulizwa. Na mkielewana katikati ya safari, makubaliano yaandikwe na yapitishwe na mahakama: kiasi, tarehe za kila awamu, na kwamba akikosa awamu moja, baki lote linadaiwa papo hapo. Bila sentensi hiyo ya mwisho utakuwa unamfuata mwezi baada ya mwezi.

HALIMA: Rufaa ni Mahakama Kuu, kwa hoja za sheria tu. Kama unachopinga ni jinsi mwamuzi alivyopima ushahidi tu, hapo hakuna njia.

MUTUA: Na ukishinda, mahakama haikukusanyii pesa. Wewe ndiye unayeomba utekelezaji. Kuna dalali wa mahakama kukamata mali, kuna amri ya kuzuia pesa zilizo kwenye akaunti ya benki ya mdaiwa, kuna kumwita aje aeleze kwa nini asifungwe jela ya madai, ambayo si kifungo cha jinai. Mali nyingine haziguswi: nguo, vyombo vya kupikia, matandiko, zana za kazi za fundi.

HALIMA: Kwa hivyo uchunguzi wa mali ufanyike kabla ya kesi.

MUTUA: Ndiyo. Hundi aliyowahi kukupa ina jina la benki na namba ya akaunti, itunze. Piga picha vifaa vilivyomo dukani, andika namba za magari yanayobeba mizigo yake. Kisha urudi kwenye ule upekuzi wa kwanza. Dalali akifika mkahawani na hati yenye jina la bango, mwenye mkahawa atatoa cheti cha kampuni na kusema friji hizi ni za kampuni, na kampuni haimo kwenye hukumu. Dalali atageuza gari, na ada yake utamlipa wewe.