Msinimalizie neno

Asanteni. Jamani nina kigugumizi, nikikwama msinimalizie neno, wewe mzee wa mbele nakuona ushaanza kunichezea midomo.

Enzi za vipanya, zile daladala ndogo za Dar, nikiwa kidato cha pili nilikuwa nashuka Manzese. Gari inakaribia, neno nalijua, lipo hapa, ulimi umegoma, "mmm... mmm...", konda anadhani naimba, tunapita hivi hivi mpaka Urafiki mtu mwingine aseme shusha ndo na mimi naruka, narudi kwa mguu juani. Nikabuni kugonga bati, konda akanitukana namvunjia gari. Nyumbani naulizwa ulikuwa wapi, sasa nitaelezaje na maelezo yenyewe yamejaa M? Nikawa nasema nilikuwa nacheza mpira. Nachapwa, basi.

Halafu mtu ananiambia kigugumizi ni woga tu. Woga unakizidisha, haukianzishi. Kinaanza mtoto ana miaka 2 mpaka 5 hivi, ndo anajifunza kuunga sentensi, karibu watoto 5 kwa 100 wanapitia na wengi kinaisha chenyewe, ukubwani anabaki kama 1 kwa 100 na wengi wetu ni wanaume. Kinatembea kwenye ukoo pia, 2010 watafiti wa Marekani walitaja mpaka jeni zinazohusika, nyie mnamkata mtoto kimio eti apone, haya jeni mtaikata na wembe gani?

"Mbona kwenye kaswida hakwami, si anadeka?" Nimeulizwa hili mpaka nimechoka. Kwenye kuimba maneno yameshapangwa na mapigo yanakubeba, hata darasa zima likisoma kwa pamoja hakwami. Sasa msimamishe peke yake umuulize jina. Manzese nikishindwa nasema "hapo mbele", jina langu nitabadilisha na nini?

Na usimwambie "tulia, vuta pumzi", unamwongezea kazi. Punguza kasi wewe, mwangalie, subiri. Nabii Musa aliomba fundo la ulimi wake lifunguliwe na Haruni, nduguye wa kumsaidia kusema, Musa mwenyewe ndiye aliyemwomba kwa kinywa chake, nyie uHaruni mnajipa tu bila kuombwa!

Kuna na wale wanaokimbiza maneno mpaka yanapandana, hicho si kigugumizi, ni tatizo lingine, nilitaka tulijadili vizuri ila naonyeshwa saa hapa, haya bwana.

Maswali. Ndio, kijana wa nyuma... Mama, mwache, swali ni lake. Endelea tu, tunasubiri.