Umeokota simu? Fanya hivi kabla chaji haijaisha

Habarini ndugu watazamaji. Mezani hapa nina simu mbili, hii janja na hiki kitochi. Chukulia tupo Dar, umepanda daladala ya Mbagala, abiria wameshuka, na simu imebaki kwenye siti ya pembeni yako. Twende.

Kwanza, usiizime na usichomoe laini. Wapo wanaoihamishia laini kwenye simu yao ili watafute majina. Acha kabisa. Mwenyewe akipiga wakati laini iko nje hakupati, na wewe umeshika laini iliyosajiliwa kwa alama za vidole vya mtu mwingine, huenda na hela zake zimo. Ukikutwa nayo hivyo, kujieleza ni kazi.

Pili, tazama hapa juu: asilimia 9. Tafuta chaja. Ukiomba chaji kibandani, simama hapo hapo mpaka ijae kidogo.

Sasa subiri iite. Hata ikiwa na loki, simu inayoita inapokeleka, unatelezesha hivi. Sema: "Simu hii nimeiokota. Wewe ni nani yake?" Usitaje ulipoiokota, mwache aseme yeye. Kisha muulize namba anayoipiga, uiandike kwenye karatasi.

Hapo kwenye namba ndipo wengi wanaparuka, na kwangu ndiyo hatua kubwa kuliko zote. Mwenye simu akichoka kupiga ataenda kurenyu laini. Iliyomo humu itakufa, na simu haitaita tena hata uikeshee. Lakini namba yake ni ile ile, sasa inaita mkononi mwake. Ukiwa nayo, unampigia wewe.

Haiiti? Washa kioo, usome kwanza. Mwenyewe anaweza kuwa ameshatuma ujumbe kutoka mbali, wenye namba ya kumpata. Kama hakuna, bonyeza sehemu ya dharura hapa chini. Kwenye Android na iPhone, mtu aliyejaza taarifa zake utakuta humo namba za ndugu. Shida ni kwamba wengi hatujazi. (Ukimaliza video, kajaze zako.) Paterni usiibahatishe: ukikosea mara nyingi simu inajifunga.

Kitochi ni rahisi, mara nyingi hakina loki. Fungua namba zilizopigwa mwisho, au tafuta "Mama", "Mume wangu", "Dada". Vocha hakuna? Tuma ule ujumbe wa bure wa kuomba upigiwe. Ukijitumia na wewe, umeshapata namba ya simu hii. Meseji za watu usisome, hazikuhusu.

Akijitokeza mtu anayedai ni yake, mhoji kwa upole: kava rangi gani, kioo kina ufa upande upi, pichani mbele kuna nani? Ukiwa na ile namba, anza kama unaitumia hela. Kwenye mitandao mingi jina la aliyesajili linatokea kabla hujaweka namba ya siri. Lisome, halafu ghairi. Kwenye magrupu ya WhatsApp andika tu "nimeokota simu njia ya Mbagala". Ukirusha picha, kila mtu atajua rangi ya kava.

Mkutane mchana, penye watu, stendi au ofisi ya serikali ya mtaa. Afungue loki mbele yako ndipo umpe. Akikupa ya soda, pokea ukipenda; kumpangia bei ni kumuuzia simu yake.

Na kama siku imepita bila mtu, ipeleke polisi. Kwenye kitochi piga *#06#, zitatokea tarakimu 15 za IMEI, yaani namba ya utambulisho ya simu yenyewe. Kwenye simu nyingine huandikwa chini ya betri. Hakikisha zimeingia kwenye kitabu chao pamoja na jina na namba yako, na wewe ubaki na kumbukumbu ya taarifa hiyo.