Paka Wako Hanywi Maji

(Mhadhara wa daktari wa mifugo mbele ya wafugaji wa paka, Mji Mkongwe, Zanzibar)

Assalaam aleikum. Ahsante Mwenyekiti. Nimepewa nusu saa nizungumzie matunzo ya paka ya kila siku: chakula, chanjo, usafi, uzazi, vidonda, viroboto, yote. Nitajitahidi. Lakini naona pale mbele wapo watu wangu wa siku nyingi, wameshaanza kutabasamu, wanajua nitaanzia wapi na wanahofu sitatoka huko. Naam. Naanza na maji.

Hebu niulize. Nani hapa leo asubuhi ameyamwaga maji ya paka wake, akaliosha bakuli, akatia mapya? Sisemi kujaziliza. Kujaziliza mnajaziliza nyote. Kumwaga na kuosha? Haya, mikono ya kuhesabika, na mmoja ni wa mwanangu mwenyewe, anaogopa kurudi nyumbani. (Kicheko.)

Kuna bwana mmoja, mwenye duka la vitambaa, jina lake halituhusu. Alikuwa na paka dume, amehasiwa, mnene, anaitwa Sultani. Sultani alilala juu ya majora ya vitambaa, na wateja wakiingia walimwamkia yeye kabla ya mwenye duka. Bwana yule alimpenda kwelikweli. Akamwachisha vichwa vya samaki, akasema hivyo ni vya paka wa sokoni, akawa anamnunulia zile punje kavu za mfuko, za bei. Bakuli la punje hapa, la maji papo hapo ubavuni, na karai la mchanga hatua mbili pembeni, ili mambo yote yawe pamoja. Aliniambia hivyo kwa fahari, "mambo yote pamoja".

Ijumaa moja Sultani akawa anaingia kwenye mchanga na kutoka. Anachuchumaa, mgongo umepinda, anakaza, anatoa sauti nzito ya chini, anatoka. Mchanga mkavu. Baada ya muda mfupi, tena. Kisha anakaa kujilamba chini ya mkia, halafu tena. Bwana akasema, huyu amefunga choo. Jirani akaleta haluli. Jamani, haluli! Paka amezibwa mkojo, anatiwa dawa ya kuharisha! Jumamosi hakugusa chakula, akawa anatapika, na kila mtu akasema haluli imeanza kufanya kazi. Mwengine akashauri robo ya panadol, maana paka analia. Mke wa bwana akakataa, Mungu amlipe.

Hapo nisimame kidogo, kwa sababu robo ya panadol naisikia kila siku. Ini la paka halina uwezo tulionao sisi wa kuivunja dawa ile. Damu yake inashindwa kubeba hewa, inageuka rangi ya hudhurungi, ufizi unakuwa wa kijivu au wa buluu, uso unavimba, anahangaika kupumua mpaka anakufa. Msiniulize dozi yake. Hakuna dozi. Robo, nusu ya robo, ile ya maji ya watoto, yote ni sumu kwa paka. Na wale mnaonunua dawa ya kupe na viroboto ya mbwa mkaona mumpunguzie paka kidogo, someni kiboksi. Ikiwa imeandikwa pamethrini, itupieni macho tu muirudishe kabatini. Paka hutetemeka, huingia degedege, na wengine hawatoki.

Turudi kwa Sultani. Aliletwa Jumapili jioni ndani ya kikapu cha sokoni. Nilimpapasa tumbo, nikakuta kibofu kimejaa na kukaza kama ndimu mbichi. Mkojo ukizibwa, figo zinasimama kazi. Potasiamu inapanda kwenye damu, na potasiamu ikizidi moyo unaharibika mapigo. Moyo wa paka mzima hupiga mara 140 na zaidi kwa dakika. Wake ulikuwa unajikokota. Nilimtia dripu, nikaandaa ule mpira mwembamba wa kupitisha kwenye njia ya mkojo, na kabla sijaupitisha Sultani akanifia mezani.

Bwana yule aliniuliza ni sumu gani. Alikuwa na hakika jirani wa upande wa pili amemtilia sumu.

Angeletwa Ijumaa usiku, tungemlaza usingizi, tukapitisha mpira, tukaosha kibofu, akakaa siku chache na dripu, akarudi kwenye majora yake. Kwa hivyo likamateni hili, hata mengine yote mkiyasahau: paka dume anayekaza na mkojo hautoki si wa kusubiri kesho. Ni wa leo, hata kama ni usiku, hata kama ni sikukuu. Jike naye huumwa mkojo, huona uchungu, hutoa damu, ila kwa kuwa njia yake ni fupi na pana ni nadra kuzibika. Ya dume ni ndefu na mbele inabana mno. Chembe za madini zikichanganyika na uteute, zinakaa pale kama kizibo.

Najua kuna atakayesema: Daktari, unamsingizia maji kila kitu. La. Unene umo. Kufungiwa ndani bila kucheza umo. Wasiwasi umo, paka mpya nyumbani, mgeni, mafundi wanagonga ukuta. Karai chafu nalo limo, maana paka akichukia choo chake hujizuia. Yote hayo yamo. Lakini katika yote hayo, lililo rahisi kwenu na lisilokugharimuni hata senti ni maji, na ndilo msilolifanya.

Sasa, kwa nini paka hanywi? Mnaniambia, "Daktari, nimemtilia, hataki, basi hana kiu." Paka wa nyumbani anatokana na paka-mwitu wa Afrika na Mashariki ya Kati, wataalamu wanamwita Felis lybica. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2007 ulilithibitisha hilo. Yule ni mnyama wa nchi kavu, wa majangwa na nyika. Figo zake zinajua kuubana mkojo mpaka ukawa mzito sana, na maji yake mengi aliyapata kwenye windo. Panya, ndege, samaki, karibu asilimia 70 ya nyama yao ni maji. Kwa hivyo paka hakuumbwa kuwa mnywaji, na kiu yake huja kwa kuchelewa. Ukingoja akuombe utangoja sana.

Tufanye hesabu. Paka wa kilo 4 anahitaji maji kiasi cha mililita 200 kwa siku, kikombe kimoja cha chai, tukijumlisha na yaliyomo kwenye chakula. Bibi yako alipokuwa akimtupia vichwa na mifupa ya samaki kutoka sokoni Malindi hapa mjini, paka alikuwa akila maji. Punje kavu zina maji asilimia 10 hivi, mara nyingi hata hazifiki. Mpe gramu 60 za punje kwa siku, na maji yaliyomo humo ni kama kijiko kimoja cha chai. Kikombe kizima kilichobaki akitoe wapi? Kwenye bakuli lenye mate, vumbi na sisimizi, lililowekwa karibu na choo chake?

Sisemi mzitupe punje. Zilizotengenezwa vizuri zina kila anachohitaji paka, na kuna paka wengi wanazila na wamezeeka nazo. Nasema ukimpa kikavu, deni la maji ni lako wewe.

Vipi kulilipa? Kwanza, liondoe bakuli la maji penye chakula, liweke kwengine, mbali na mchanga pia. Weka zaidi ya moja: ukumbini, juu ghorofani, uani penye kivuli. Mtashangaa, anapita tu na njia zake, anakutana na maji, anakunywa. Tumieni la udongo wa kuchomwa au la kauri, plastiki hushika harufu. Kila asubuhi mwage, osha, tia mapya, na kaskazi likipiga fanya hivyo mara mbili. Wale ambao bomba lenu lina maji ya chumvichumvi, ambayo nyinyi wenyewe mkiyaonja mnatema, msimpe paka yale mkamwambia ana maringo. Mpeni mnayokunywa nyinyi.

Pili, chemsha vichwa vya samaki au kichwa na shingo ya kuku, bila chumvi, bila kitunguu, bila kitunguu thomu. Nasisitiza kitunguu, kibichi au kilichopikwa, kinavunja chembe nyekundu za damu ya paka, na sisi hapa hatupiki kitu bila kitunguu, kwa hivyo mabaki ya mchuzi na pilau si chakula cha paka hata kama nyama imo. Ile supu nyeupe ikipoa, chuja mifupa, mmiminie juu ya punje au umpe peke yake. Atakunywa mpaka mtacheka. Chakula kilicholowekwa kisikae zaidi ya saa moja au mbili na joto letu hili. Na ng'onda na papa mkavu msimloweshee mkadhani mnampa supu. Ile ni chumvi tupu.

"Na maziwa, Daktari?" Hili lazima liulizwe, nalijibu kabla. Paka mkubwa wengi wao hawana tena kile kimeng'enya cha kuyayeyusha maziwa. Anayapenda, ndiyo, kwa mafuta yake, maana utamu wa sukari ulimi wa paka hauuonji kabisa. Kisha anaharisha, na akiharisha anapoteza maji. Tumerudi pale pale.

"Na paka wa mtaani mbona hawana wa kuwaoshea bakuli, na wamejaa sokoni Darajani?" Wamejaa kwa kuwa wanazaliwa wengi. Tafuteni mle Darajani paka mwenye umri wa miaka 15. Wa ndani anayetunzwa hufika huko bila ajabu.

Masheikh wamo humu, watanisahihisha. Mnaijua habari ya Abu Qatada, sahaba wa Mtume, alipotiliwa maji ya udhu na mke wa mwanawe, paka akaja anataka kunywa, naye akamwinamishia chombo mpaka akanywa. Mkwewe akawa anamtazama kwa mshangao, ndipo akamsimulia maneno ya Mtume, kwamba paka si najisi, ni katika wanaokuzungukeni majumbani. Hadithi hii tunaitumia sana kubishana kama paka akipita udhu unatenguka au hautenguki. Nyinyi itazameni kwa upande wangu pia: mzee yule aliacha udhu wake akamwinamishia paka chombo. Maji ya udhu, maji masafi.

Mwenyekiti ananionesha saa. Dakika tano! Basi, mbio mbio.

Chakula. Paka ni mla nyama, hachagui kuwa hivyo. Ugali uliopakwa mchuzi wa dagaa unajaza tumbo tu. Anahitaji kitu kinachoitwa taurini, kimo kwenye nyama na samaki, kwenye nafaka hakimo. Kikipungua, macho yanapofuka na moyo unatanuka. Mwaka 1987 watafiti wa Marekani walionesha kuwa paka waliokuwa wakifa kwa moyo kutanuka walikosa taurini, na walikuwa wakila vyakula vya dukani, si ugali! Walipoongezewa, mioyo mingi ikarudi. Watengenezaji wakabadilisha vyakula vyao. Na paka mnene akikaa siku mbili tatu hajala, msimwache mkasema atakula akipenda, mafuta yanavamia ini.

Uzazi. Jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano, anabeba kiasi cha siku 63 hadi 65, na anaweza kupata joto tena angali ananyonyesha. Wanaosema lazima azae mara moja kwanza, sijui wameyatoa wapi. Mfungeni uzazi mapema. Dume mkimhasi atapunguza kupigana na mashume wa mtaa, kutanga na kupiga mkojo kwenye mapazia yenu.

Chanjo. Kichaa cha mbwa, jina linadanganya, paka anakipata na anakuambukiza. Achanjwe kuanzia miezi mitatu, kisha kila mwaka. Ukiumwa au ukiparurwa na paka usiyemjua, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 na uende hospitali siku hiyo hiyo. Usipake pilipili, usipake mafuta ya taa. Ile chanjo nyengine ya kuharisha na mafua ya paka nayo ni muhimu, ila nikianza hapo sitamaliza.

Mama wajawazito. Hapana, msiwatupe paka, nimechoka kuwaokota. Vijidudu mnavyovihofia kwa mtoto wa tumboni, vinavyotoka kwenye kinyesi cha paka, vinahitaji siku moja au zaidi ndipo viweze kuambukiza, kwa hivyo mchanga utolewe kila siku, na autoe mume. (Kicheko, makofi.) Mnacheka nini, ni dawa hiyo. Karai ni moja kwa kila paka, na moja la ziada. Na huyo mume akitoa mchanga atazame yale mabonge ya mkojo: mangapi, makubwa au madogo, yapo au hayapo. Yule bwana wa vitambaa mchanga wake ulikuwa mkavu siku tatu.

Viroboto, minyoo, meno, kucha, basi, muda umekwisha, niulizeni mlangoni. Lakini wenye paka dume msiondoke. Nimekuja na wangu ndani ya kikapu, ni mpole. Mje mmoja mmoja niwaonesheni kibofu kilipo na kinavyokuwa kikiwa kizima, laini, mkono unapita tu. Kupapasa, siyo kubinya. Aliyebinya kibofu kilichojaa anaweza kukipasua. Wewe kijana wa shati jeupe, osha mikono kwanza, uanze.