Duka la Treni za Bustanini: Anza na Droo za Vipuri

Hamjambo huko nyumbani! Leo tuko Nuremberg, Ujerumani, mji ambako kampuni ya Lehmann ilizindua treni za LGB mwaka 1968. Ni treni ndogo za kuendeshwa bustanini, mvua inyeshe, jua liwake. Sasa, duka gani la treni hizi linastahili pesa yako?

Madirisha yanayometameta yapite tu. Nenda moja kwa moja kaunta, uulize: mna gia za kichwa hiki cha treni? Mna kaboni za mota, vile vipande vinavyopeleka umeme ndani ya mota? Duka la kweli linavuta droo na kukutolea.

Ngoja nisogeze kamera. Tazameni gia hii ya plastiki. Meno ya upande huu bado ni mapana, ya huku yamelika mpaka yamechongoka. Ikifika hapo, mota inanguruma lakini magurudumu yanashtuka-shtuka tu. Mara nyingi chanzo ni grisi iliyokauka, au kichwa kulazimishwa kuvuta mabehewa mengi mlimani. Duka lisilo na kigia hiki litakushawishi ununue kichwa kizima.

Muuzaji mzuri pia anakuuliza kabla hujachagua: unataka kuiga reli ipi? Njia ya treni hizi ina upana wa milimita 45. Kwa uwiano wa 1:22.5, yaani treni ni ndogo mara 22.5 kuliko ile halisi, hiyo ni reli ya upana wa mita moja, kama ile ya zamani ya Mombasa hadi Kisumu au Reli ya Kati ya Tanzania. Ukitaka kuiga SGR, ile reli mpya iliyo pana zaidi, uwiano unaokaribia ni 1:32. Vyote vinapita njia moja, ila ukiviunganisha, behewa la 1:22.5 litaonekana jitu. Muuzaji asiyekwambia hilo anauza maboksi tu.

Halafu pawe na njia ya majaribio yenye kona kali. Kona ya LGB inayoitwa R1 ina nusu kipenyo cha milimita 600, na vipande 12 vinafunga duara. Kichwa kirefu chenye magurudumu mengi kinaweza kukwama hapo, kwa hiyo kiendeshwe polepole mbele yako, kwenda na kurudi. Kikianguka pale reli zinapogawanyika, omba vernia, kile kipimio cha milimita, mpime kati ya migongo ya magurudumu: iwe milimita 40 hivi. Ikipungua sana, gurudumu linagonga reli ya ndani na kupanda juu.

Reli zenyewe ziuzwe hata kipande kimoja kimoja. Za brasi zinadumu nje na zinapitisha umeme vizuri, ila zinafanya weusi na lazima zisuguliwe. Za alumini ni nafuu, lakini kuzilehemu ni shida. Mimi naona zinamfaa zaidi anayetumia betri ndani ya treni. Muuzaji akusisitizie nafasi za kutanuka: mita 10 za brasi, joto likipanda kwa nyuzi 40, zinarefuka karibu milimita 8. Ukizibana pande zote, njia itapinda. Chini weka kokoto zilizovunjwa, zenye ncha. Zile za mviringo zinateleza, na mataruma yanahama.

Kwa mnaotaka kuagiza: umeme wa Ujerumani ni volti 230, kwa hiyo transfoma ya huku inafanya kazi Kenya na Tanzania, utabadilisha plagi tu. Ya Marekani ni ya volti 120. Ukiichomeka moja kwa moja, itaungua. Na transfoma ikae ndani ya nyumba, pakavu. Kinachotoka kwenda bustanini ni waya wa volti ndogo peke yake.