Thredi Mbili, Ujumbe Mmoja: Mpangilio wa Kumbukumbu kwenye C++

Karibuni tena. Fungua faili jipya, utangaze vitu viwili: `int ujumbe = 0` na `bool tayari = false`. Kisha uanzishe thredi mbili, yaani mikondo miwili ya kazi inayoendeshwa sambamba ndani ya programu moja. Thredi ya kwanza ilale sekunde moja, iandike 42 kwenye `ujumbe`, kisha igeuze `tayari` iwe `true`. Ya pili izunguke kwenye `while (!tayari) {}`, ikitoka ichapishe `ujumbe`.

Kompaili kwa `-O2` (kompaila iboreshe kasi ya programu), uendeshe. Kulingana na toleo la kompaila yako, programu itaganda, au itaruka mzunguko wote na kuchapisha 0 papo hapo. Kompaila haijakosea. Tangu C++11, thredi mbili zikigusa kitu kimoja bila mpangilio wa nani atangulie, na mojawapo inaandika, kosa ni la mwandishi wa programu.

Sasa badilisha: `std::atomic<bool> tayari` (kitu ambacho thredi nyingi zinaweza kukigusa kwa usalama), na kwenye `store` (kuandika) na `load` (kusoma) weka `memory_order_relaxed`, yaani bila kudai mpangilio na vitu vingine. Endesha. 42! Hapa ndipo wengi wanapofunga laptop na kwenda kulala, nami nawasihi msiende. Prosesa za Intel na AMD haziruhusu uandishi wa pili uonekane kabla ya wa kwanza. ARM, iliyomo kwenye simu nyingi za Android, inaruhusu. Huko thredi ya pili inaweza kuona `tayari` ni `true` huku `ujumbe` bado ni 0.

Tusisubiri simu ituumbue. Kompaili tena kwa `-fsanitize=thread -g`, inayowasha ThreadSanitizer, kifaa cha kukamata thredi zinazogongana kwenye data. Tazama skrini: `WARNING: ThreadSanitizer: data race`, na chini yake namba ya mstari wa `ujumbe`. Imelikamata kosa hata kwenye Intel.

Dawa yake: anayeandika atumie `memory_order_release`, anayesoma atumie `memory_order_acquire`. Yote yaliyoandikwa kabla ya release yataonekana kwa aliyeisoma `true` ile kwa acquire. Lazima ziwe mbili. Upande mmoja peke yake hausaidii. Endesha: onyo limetoweka.

Data ikiwa nyingi, kwa mfano salio pamoja na orodha ya miamala, mimi nachukua `std::mutex`, kufuli linaloshikwa na thredi moja kwa wakati, bila kusita. Kufungua kufuli ni release, kulifunga ni acquire, kwa hiyo mpangilio unaupata bure. Weka `std::lock_guard` (inalifunga kufuli na kulifungua yenyewe) kwa anayeandika, na kwa anayesoma pia, kufuli lilelile. Jaribu kuifuta ile ya msomaji, uendeshe tena, usome onyo linakupeleka mstari gani.