Kanga Iliyofaulu Ukutani

BARAKA: Haya, karibuni tena. Leo hatuna mgeni, tuko wawili tu, mimi Baraka na mwenzangu Mwanaidi, pamoja na chai ya tangawizi ambayo sijui nani kaitia pilipili manga nyingi hivi.

MWANAIDI: Mimi. Kunywa.

BARAKA: Tunakunywa, mama. Sasa, wanaotufuatilia wanajua wote tumesoma sanaa na ubunifu, na kazi zetu za chuo nyingi ziko uvunguni mwa kitanda zinaliwa na panya. Ila Mwanaidi wiki iliyopita alikuwa anapanga potifolio, akanipigia simu anacheka.

MWANAIDI: Nilikuta daftari langu la mwaka wa pili. Lile la mchakato, si unalikumbuka? Mwalimu alitaka tuandike kila siku: leo umefanya nini, nini kimeharibika, umebadilisha nini. La kwangu safi kabisa. Kurasa arobaini, mwandiko mmoja, kalamu moja.

BARAKA: Kalamu moja mwezi mzima! Umejikamatisha mwenyewe.

MWANAIDI: Lote limeandikwa usiku mmoja. Nilimaliza kazi kwanza, halafu nikakaa kuitungia historia yake. "Tarehe 4 nilitafakari uhusiano wa rangi na kumbukumbu." Tarehe 4 nilikuwa kwenye foleni ya kusaini bumu, ile pesa ya mkopo ya kujikimu chuoni, sikutafakari chochote zaidi ya chipsi kuku.

BARAKA: Mimi niliwahi kuandika, "Nilichagua nyekundu kwa sababu inavutia macho." Ukweli ni kwamba makopo mengine yote pale studio yalikuwa yamekauka.

MWANAIDI: Na ungeliandika hilo, mwalimu angekuwa na cha kukuuliza. "Inavutia macho" unaulizwa nini tena?

BARAKA: Ndiyo hiyo. Haya, wasimulie kanga.

MWANAIDI: Kazi ilikuwa kubuni kanga na kuichapa kwa mkono. Kwa asiyejua, kanga ina sehemu tatu. Pindo, ule mkanda unaozunguka pande zote nne. Mji, pale katikati. Na jina, yale maandishi yanayokaa ndani ya mji upande wa chini. Kipande kimoja kina kama sentimita 150 kwa 110, na dukani vinauzwa viwili havijakatwa, ndiyo doti.

BARAKA: Na Mombasa ukisema kanga wanakuelewa, ila wenyewe wanaita leso.

MWANAIDI: Leso, ndiyo. Sasa mimi nikasema nitamchora bibi yangu. Sura ya bibi katikati ya mji, kubwa, na ushungi wake. Kwenye kompyuta ilipendeza kweli. Nikaweka pindo la korosho. Na jina, naomba usicheke, jina lilikuwa: "Bibi yangu mpendwa wewe ndiye nguzo ya familia yetu na tutakukumbuka daima."

BARAKA: Tutakukumbuka? Bibi si yupo?

MWANAIDI: Yupo Tanga, mzima wa afya, ana miaka yake sabini na kitu. Hata hilo sikuliona.

BARAKA: Ukachapa.

MWANAIDI: Nikachapa, na hapo ndipo kazi halisi ilipokuwa, ila kwenye daftari haimo. Kwanza korosho. Fremu niliyotengeneza ilikuwa inachapa kipande cha pindo cha sentimita 13. Chukua 150 gawa kwa 13.

BARAKA: Mimi msanii, usinitese.

MWANAIDI: Kumi na moja na nusu, na ushee kidogo. Maana yake unakwenda vizuri, korosho, korosho, korosho, unafika kwenye pembe, korosho ya mwisho inakatwa kiuno. Ningefanya sentimita 10 tu, upande mrefu zinaingia 15, upande mfupi 11, hakuna kinachobaki. Mwenye kiwanda hawezi kuanza bila hesabu hiyo. Mimi niliijua nikiwa nimeinama juu ya meza, rangi mkononi, saa nne usiku.

BARAKA: Ukafanyaje?

MWANAIDI: Nikachora ua juu ya ile pembe. Maua manne, pembe nne. Na kwenye daftari nikaandika kwamba maua yanawakilisha vizazi vinne vya ukoo wetu.

BARAKA: Astaghafirullah.

MWANAIDI: Na ndilo lililosifiwa! Siku ya kuwasilisha tulizitundika ukutani kwa pini, kila mtu kasimama mbele ya kazi yake. Ya kwangu imenyooka, bibi anatazama darasa zima. Nikaelezwa kwamba nina uelewa mzuri wa ishara. Nikapata A.

BARAKA: Kwa maua ya kuziba korosho.

MWANAIDI: Likizo nikampelekea bibi. "Shikamoo bibi, nimekuletea kanga, nimetengeneza mwenyewe." Akafurahi, akaingia chumbani kuivaa. Akatoka, akageuka anionyeshe. Baraka, sura yake yeye mwenyewe imekaa... imekaa pale.

BARAKA: Pale wapi? Wasikilizaji hawaoni.

MWANAIDI: Pale pa kukalia! Mji wa kanga ukiivaa kiunoni, katikati yake inaangukia nyuma. Kila mwanamke wa pwani anajua. Mimi nimevaa kanga tangu nimezaliwa, nimebebwa kwa kanga, na sikuwahi kufikiria, kwa sababu mwezi mzima nilikuwa naiangalia imelala kwenye skrini.

BARAKA: Lakini mbona kanga zenye sura zipo? Ile ya Obama ya 2008 si ilikuwa na sura katikati?

MWANAIDI: Zipo, za sherehe na za viongozi. Wengi wanazitundika, au wanazivaa juu mabegani. Ila mimi nilikuwa nimemletea bibi nguo ya kushindia nyumbani. Yeye alicheka mpaka akakaa. Halafu akasimama haraka, "Ala! Nimejikalia!"

BARAKA: (anacheka) Bibi huyu aje studio.

MWANAIDI: Subiri. Akalisoma jina. Akavaa miwani, akalisoma tena, akaniambia, "Mke mwenzangu, hii barua. Jina la kanga haliwi hivi. Jina linasemwa kwa mtu, na mwenyewe akilisoma ajijue." Akafungua sanduku lake, akaanza kunitolea moja moja: hii nilimvalia fulani, hii nilipewa na mama mkwe siku ya tatu ya ndoa, sikulala. Saa nzima nimekaa kwenye mkeka. Mimi nimekaa chuo miaka miwili, nimeandika insha kuhusu kanga, nimetaja na lile duka la Kaderdina kule Mombasa lililoanza 1887, lenye chapa ya "Mali ya Abdulla". Yote ninayo. Na sikujua kwamba maandishi yale huwa yana mtu anayelengwa.

BARAKA: Hapo umenikumbusha yule fundi wangu wa maandishi ya daladala. Nilifanya mradi wa herufi za kuchora kwa mkono. Nikawa napiga picha vioo vya nyuma, nikarudi nyumbani nikazinakili kwenye kompyuta, nikazinyoosha, zikawa nzuri na zimekufa. Siku moja nikaenda kukaa naye gereji. Ana uzi kaupaka chaki, anauvuta kwenye bati, anaupiga, mstari umetokea. Hana rula. Halafu anahesabu herufi za neno, anaanza na ile ya katikati, anakwenda huku na huku. Nikamuuliza kwa nini hii R umeitanua mguu hivi? Akasema, "Gari linakimbia. Wewe unasoma umesimama?"

MWANAIDI: Umeliandika hilo?

BARAKA: Nililiandika nyuma ya tiketi. Kwenye daftari niliandika kwamba herufi zinaakisi utambulisho wa mjini.

MWANAIDI: Tuko wote.

BARAKA: Unajua mimi nafikiri siyo uvivu tu. Tulikuwa tunaogopa sapu, kufeli na kurudia mtihani. Ukiandika "sikujua, nilikosea hesabu", unaona kama umempa mwalimu fimbo akuchape.

MWANAIDI: Labda. Ila walimu wengine walikuwa wanaomba hiyo fimbo kabisa, sisi tunawapa maua. Sitaki kuwasingizia.

BARAKA: Sawa. Na ile kanga ikawaje? Maana sijawahi kuiona.

MWANAIDI: Ilifuliwa mara moja. Rangi ile ya maji ya kuchapia kitambaa inashika kwa joto, ukishachapa ikakauka unaipiga pasi ya nguvu. Usiku ule umeme ulikatika, nikaahirisha, nikasahau. Bibi kaloweka, beseni zima likawa la bluu. Uso umeondoka, korosho zimebaki nusunusu. Sasa hivi anaanikia mpunga.

BARAKA: Hukurudia?

MWANAIDI: Nimerudia mwaka huu, bila maksi ya mtu. Pindo la sentimita 10. Kitambaa nimekifua kwanza kitoke wanga. Mji una vikombe vidogo vidogo vya kahawa, ukikalia unakalia vikombe, hakuna anayeona vibaya. Pasi nimepiga mpaka mkono umeuma. Na safari hii daftari limejaa madoa, kuna ukurasa una neno moja tu: "Imehama." Rangi ya pili ilikaa pembeni ya ya kwanza kwa milimita tatu, sikuwa na nguvu ya kuandika zaidi.

BARAKA: Na jina?

MWANAIDI: Jina nilimpigia bibi simu nikamwomba yeye. Hakufikiri hata dakika. "Andika: Ulichoficha nimekianika."

BARAKA: Mh! Linamlenga nani?

MWANAIDI: Nilimuuliza. Akasema halimlengi mtu, kalipenda tu. Nikachapa doti mbili, moja nikamtumia kwa basi. Jumapili kaivaa, katoka nayo kwenda kuanika nguo uani.

BARAKA: Na?

MWANAIDI: Jirani wa nyumba ya pili hamsalimii tangu siku hiyo. Bibi anataka nimchapie nyingine tatu.